Maji Yatokayo Chini: Somo la Sakafu ya Hema



Mtu anunuapo hema, jambo la kwanza analotazama ni paa. Hulinyosha, hulipapasa, huuliza kama mvua itapenya. Ni wachache mno wainamao kutazama sakafu. Nami nilikuwa mmoja wa wale wengi, mpaka usiku mmoja katika milima ya Rwenzori uliponifundisha kwamba maji yawezayo kumdhuru mtu hemani si yale yanayopiga kelele juu ya kichwa chake, bali ni yale yanayomjia kimya kimya chini ya mgongo.

Naandika habari hii kwa sababu mbili. Kwanza, likizo yakaribia, na najua wengi wenu mtafunga shanta zenu mwende kupiga kambi. Pili, kosa lililotokea usiku ule lilikuwa langu mimi, wala si la mwingine. Na mtu aliyekosa yampasa awaonye wenzake.

YALIYOTUPATA

Milima ya Rwenzori iko mpakani mwa Uganda na Kongo. Kilele chake kikubwa, Margherita, chafika mita 5,109, na mvua yake yajulikana kila mahali. Sisi tulikuwa wanafunzi wanane pamoja na Padre mwalimu wetu, na waongozaji na wapagazi wa Kikonzo, wenyeji wa milima ile. Hatukuwa na nia ya kufika kileleni. Tulianzia Nyakalengija, tukalala usiku wa kwanza Nyabitaba, mahali palipo karibu mita 2,650 juu ya usawa wa bahari. Siku ya pili tukapanda kupita mita 3,400, karibu na mabwawa ya Bigo. Huko mtu hukanyaga majani akidhani ni ardhi, kumbe mguu wazama hadi gotini.

Mimi kwa kuwa nilikuwa mkubwa wa wote nilipewa kazi ya kusimamia mahema. Mahema yetu yalikuwa matatu, ya zamani, na sakafu zake zilikuwa zimechakaa. Kwa fedha za kikundi nilikuwa nimenunua karatasi ya nailoni, ile wanayotumia wajenzi kutandika chini ya sakafu ya nyumba. Niliikata vipande vitatu vikubwa, kila kimoja kikubwa kuliko hema lenyewe, hata ikatokeza nje kiasi cha shubiri moja na nusu kila upande. Niliona fahari. Niliwaambia wenzangu, "Tazameni, hema letu lina baraza!"

Mzee mmoja katika waongozaji wetu alisimama akaitazama kazi yangu, kisha akasema, "Mwanangu, nailoni yako imetoa ulimi nje."

Nikajibu, "Ndiyo, Mzee, ili matope yasitukaribie."

Alitaka kuongeza neno, lakini mvua ilianza palepale, akaitwa kufunika mizigo. Nami sikumfuata kumwuliza alitaka kusema nini.

Mvua ilinyesha usiku kucha. Katikati ya usiku mwenzetu mmoja, aliyelala upande wa juu wa mteremko, alinigusa bega akaniambia, "Kaka, huku kwangu chini kumelowa." Nilinyosha mkono, nikapapasa ukuta wa hema, nikaona vitone vya maji. Nikamwambia, "Ni jasho la hema tu. Lala." Naye kwa kuwa alinitii kama mkubwa wake, akalala.

Kabla ya alfajiri niliamshwa na meno yake yakigongana. Blanketi lake lilikuwa limelowa lote. Maneno yake yalikuwa mazito kama ya mlevi. Halafu kutetemeka kukakoma, akasema yeye ni mzima, ataka kulala tu. Nilifurahi nikidhani amepata nafuu, lakini Padre alipomtazama uso ulimbadilika. Alituambia kwamba mtu mwenye baridi kali akiacha kutetemeka kabla hajapata joto, hiyo si nafuu, bali ni hatari iliyozidi. Tulimvua nguo zote zenye maji, tukamvika kavu, tukamfunika kichwa, wawili wetu tukalala tumembana huku na huku chini ya mablanketi makavu. Alipoweza kumeza vizuri tulimpa chai ya moto yenye sukari nyingi. Kulipokucha alikuwa amepona, Mungu ashukuriwe, lakini safari yetu iliishia hapo, tukashuka.

Kabla ya kufungua hema, yule Mzee aliinua ukingo wa sakafu. Maji yalikuwa yamesimama juu ya nailoni yangu, chini ya hema, kama maji katika sinia. Akasema, "Maji haya hayakutoka ardhini, wanangu. Mliyapokea wenyewe."

NJIA TATU ZA MAJI

Baada ya kurudi shuleni nilijifunza kwamba maji huweza kuilowesha sakafu ya hema kwa njia tatu, na kila njia ina dawa yake. Asiyezitofautisha atatibu ugonjwa usiokuwapo.

Njia ya kwanza ni ardhi yenyewe. Ardhi iliyolowa hukamuliwa na uzito wa mtu alalaye juu yake, kama sponji ikamuliwavyo mkononi, na maji hutafuta tundu la kupandia.

Njia ya pili ndiyo iliyotupata sisi. Mvua hutiririka ukutani mwa hema mpaka chini. Ikiwa turubai la chini limetokeza nje, maji hayaingii ardhini, bali hudondokea juu ya turubai, na turubai huyaongoza chini ya sakafu. Hapo maji hayana pa kutokea: chini yake pana nailoni isiyopitisha kitu, na juu yake pana mtu mwenye kilo zake 60. Kwa hiyo turubai lililotandikwa vibaya ni baya kuliko kukosa turubai kabisa.

Njia ya tatu ni pumzi zetu wenyewe. Usiku kucha tunatoa mvuke kwa kupumua na kwa jasho, na mvuke huo ukigusa kitu cha baridi hugeuka vitone. Nilipopapasa ukuta usiku ule, vitone vile vilikuwa vya kweli; lakini havikuwa ndivyo vilivyolowesha blanketi la mwenzangu. Ukitaka kujua tofauti, usipapase ukuta. Inua godoro au blanketi, uifute sakafu kwa kitambaa kikavu, kisha ukandamize mahali pale kwa goti. Maji yakitokea tena mara moja, yanatoka chini. Yasipotokea, huenda ni mvuke, na dawa yake ni kufungua mlango kidogo kwa juu ili hewa ipite.

HESABU YA GOTI

Sasa tupige hesabu. Twajua katika fizikia kwamba maji yaliyosimama wima kwa urefu wa mita 10 hugandamiza kila sentimita ya mraba chini yake kwa uzito wa kilo 1 hivi. Watengenezaji wa mahema huitumia kanuni hiyo kupima vitambaa. Hukigandamiza kitambaa kwa maji, wakiongeza kidogo kidogo, mpaka matone yaanze kupenya. Mgandamizo huo huandikwa kama urefu wa maji kwa milimita: 1,500, au 3,000, au 5,000 na zaidi. Nambari ikiwa kubwa, kitambaa kina nguvu ya kuzuia maji.

Chukua mvulana mwenye kilo 60 aliyelala chali. Tuseme mwili wake unagusa sakafu kwa eneo la sentimita za mraba 4,000. Gawanya gramu 60,000 kwa 4,000, utapata gramu 15 kwa kila sentimita ya mraba. Huo ni sawa na maji yenye urefu wa sentimita 15 tu, yaani milimita 150. Ni kidogo, ingawa mabega na nyonga huzidi kiasi hicho.

Lakini mvulana yule yule akipiga magoti ili avue viatu, na kilo 40 zikaegemea goti moja lenye kugusa sentimita za mraba 40, basi kila sentimita inabeba kilo 1. Huo ni sawa na maji yenye urefu wa mita 10, yaani milimita 10,000! Kama ardhi imelowa, na maji yaliyo chini ya goti hayana pa kukimbilia, sakafu yenye nambari 3,000 itayapitisha, ingawa ni mpya na imetoka dukani jana.

Fundisho ni hili: paa hupigwa na matone mepesi, sakafu hubeba watu. Paa lenye nambari 1,500 laweza kuzuia mvua ya kawaida. Sakafu yahitaji zaidi. Tena goti, kisigino na kiwiko ndivyo maadui wa sakafu. Ukitaka kupiga magoti, piga magoti juu ya godoro jembamba la sponji, maana godoro huutawanya uzito.

VITAMBAA NA HISTORIA YAKE

Kitambaa chochote kilichofumwa kina matundu kati ya nyuzi. Ili kizuie maji, sharti matundu yazibwe. Mwaka 1823 Charles Macintosh, mtu wa Scotland, alipata hati ya kitambaa kisichopitisha maji, kilichotengenezwa kwa kuweka mpira ulioyeyushwa katikati ya vitambaa viwili. Ubaya wake ni kwamba katika joto kilinata, na katika baridi kilikakamaa. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba mpira ukichanganywa na kiberiti na kupashwa moto huwa imara katika joto na baridi. Kwa muda mrefu turubai la chini la wapiga kambi lilikuwa kitambaa cha pamba chenye mpira: imara, lakini zito.

Nailoni ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1935 katika maabara ya kampuni ya DuPont huko Marekani, kwa kazi ya Wallace Carothers na wenzake. Siku hizi sakafu nyingi za mahema ya kubeba mgongoni ni nailoni au poliesta yenye utando wa poliurethani au silikoni. Unene wa nyuzi zake huelezwa kwa denia: uzi wa denia 70 ni uzi ambao mita 9,000 zake zina uzito wa gramu 70. Denia ikiwa kubwa, kitambaa hustahimili miiba na mawe zaidi, lakini nacho huwa kizito.

Yule abebaye mzigo mgongoni hana budi kufikiri uzito. Chukua sakafu ya mita 2 kwa mita 1.2, yaani mita za mraba 2.4. Turubai zito la lori, lenye gramu 600 kwa mita ya mraba, litakuwa na gramu 1,440. Nailoni ya wajenzi ya geji 1000, ambayo ina unene wa milimita 0.25, itakuwa na gramu 550 hivi. Ile ya geji 500, yenye nusu ya unene huo, itakuwa na gramu 275 hivi. Kitambaa chepesi cha nailoni chenye utando, cha gramu 80 kwa mita ya mraba, kitakuwa na gramu 192. Kwa mwanafunzi asiye na fedha nyingi, ile nailoni ya geji 500 yafaa sana. Haikufumwa, kwa hiyo haina matundu, wala goti haliwezi kuyapitisha maji mpaka itobolewe. Tazama basi: kitu nilichonunua mimi hakikuwa kibaya. Ubaya ulikuwa katika kukitandika.

KANUNI ZA KUFUATA

1. Chagua mahali kabla ya kufungua shanta. Tafuta ardhi iliyoinuka kidogo. Bonde dogo huonekana laini na la kupendeza, lakini ndilo bakuli la mvua. Mwaka 1906 Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi, alipokwenda kuvipanda vilele vya Rwenzori, kambi yake kuu juu mlimani ilikuwa Bujongolo, chini ya jabali lililoinama. Ardhi kavu kwanza, hema baadaye.

2. Usichimbe mfereji kuzunguka hema. Vitabu vya zamani viliagiza hivyo, lakini mfereji huanzisha mmomonyoko, na majani ya milimani hukawia sana kuota tena. Rwenzori ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1991, na tangu 1994 imo katika orodha ya urithi wa dunia. Haifai tuache makovu.

3. Ondoa mawe, miiba na vijiti kwa mkono. Tundu dogo kama ncha ya sindano latosha kulowesha blanketi.

4. Turubai la chini liwe dogo kuliko sakafu. Kata lipungue sentimita 5 kila upande. Sakafu ikiwa sentimita 200 kwa 120, turubai liwe 190 kwa 110. Kama ni kubwa, kunja kingo zake chini, zielekee ardhini, zisielekee juu. Ukimaliza, zunguka hema lote. Ukiona ulimi hata mmoja, urudishe ndani.

5. Kama sakafu imechakaa, tandika nailoni ndani ya hema badala ya chini yake. Huko ndani yaweza kuwa kubwa kuliko sakafu, na kingo zake zipandishwe kidogo ukutani kama kingo za beseni. Turubai la chini huilinda sakafu na mawe; la ndani humlinda mtu na maji. Usichanganye kazi hizi mbili.

6. Tazama mishono. Kila tundu la sindano ni mlango. Mishono isiyozibwa kiwandani ipakwe gundi yake, na hema likauke kabla ya safari. Kumbuka kwamba gundi ya kawaida haishiki juu ya silikoni. Kitambaa cha silikoni chataka gundi ya silikoni.

7. Usikunje hema lenye maji ukaliweka ghalani. Unyevu na joto huuharibu utando wa poliurethani, ukaanza kunata, kubanduka na kutoa harufu mbaya. Utando ukifika hapo, umekwisha. Lianike hema kivulini mpaka likauke kabisa, hasa sakafu na mishono, ndipo ulikunje.

JARIBIO

Usingoje kuijaribu sakafu yako mlimani. Ijaribu shuleni, kwa dakika tano tu. Lowesha taulo mpaka lijae maji, ulitandike juu ya saruji. Weka sakafu ya hema juu yake, na juu ya sakafu weka karatasi kavu ya daftari. Piga goti juu ya karatasi, uhesabu mpaka 60. Kisha itazame karatasi. Ikiwa kavu, nenda safari yako kwa amani. Ikiwa na madoa ya maji, sasa umejua, na umejua ukiwa karibu na kitanda chako.

Sisi tulipofanya jaribio hili baada ya kurudi, sakafu zote tatu zilishindwa. Laiti tungalilifanya wiki moja kabla!

NENO LA MWISHO

Labda msomaji atauliza, kwa nini maji kidogo yalete hatari kubwa namna ile? Jibu ni kwamba maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia. Blanketi hutupa joto kwa sababu limeshika hewa katika manyoya yake. Hewa ile ikiondoka, maji yakachukua nafasi yake, blanketi lililokuwa rafiki huanza kuuchukua uhai wa mtu kidogo kidogo. Katika bonde lenye joto utapata mafua tu. Mahali pa mita 3,400, usiku wa manane, hesabu ni nyingine.

Na tena, wenzangu mliopewa madaraka juu ya wadogo, nawasihi: mdogo wako akikuambia usiku kuwa kumelowa, usimjibu kwa ulimi. Inuka, washa tochi, inua godoro, utazame kwa macho yako. Mwenzangu yule aliniamini, nami nikamlaza juu ya maji. Amenisamehe, na bado twakaa dawati moja. Lakini kila nisikiapo mvua juu ya mabati ya bweni letu, namkumbuka Mzee yule na neno lake la ulimi, ambalo lingaliweza kutuokoa kama ningalimfuata hatua kumi nikamwuliza.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami naongeza: usipokunja ukingo, utakesha.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita